Maoni Penye Mashine ya Bisi

Taa zimewashwa. Nimesimama kando ya mashine ya bisi
nikijifanya natafuta glavu.
Hakuna anijuaye. Dakika themanini na moja
nilikuwa ndani ya gunia la viazi lenye matundu mawili,
nikiwamaliza watoto wa mji huu kwa koleo la theluji.

Wa kwanza kutoka ni Reino Lahti, fundi wa mabomba:
"Damu gani ile? Maji ya bitiruti!"
Hapana, Reino. Sharubati ya mahindi na rangi ya keki,
iliyoganda mikononi mwetu Februari
kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri,
kamera ikilala kifuani mwa mtu kama kifaranga
ili betri isife.

Darlene Kowalczyk bado ameshika shingo:
"Kwa nini wakimbilie ghalani? Polisi yuko barabarani!"
Mumewe anapiga miayo:
"Wangemkimbilia polisi, tungekuwa tumeshalala."

Vijana wawili wanahesabu makosa kwa vidole.
Kofia ya Brody nyekundu, mara buluu, mara nyekundu.
Kisha maiti yake inapumua!
Inafuka kama birika jikoni.
Tulimwomba abane pumzi, akabana mpaka akaona nyota.
Baridi ya Ziwa Kuu haimfichii mtu siri.

Bi. Hedvig Saari, aliyenifundisha kusoma,
anasema hadithi haina kichwa wala miguu.
Anasema hivyo akiwa kwenye foleni
ya tiketi ya saa tatu.

"Na yule muuaji," anacheka mtu nyuma ya nguzo,
"anachechemea! Bibi yangu angemwacha mbali."
Ni goti langu.
Miaka thelathini na mmoja ya kukanyaga klachi
ya basi la shule, asubuhi na alasiri.
Wote niliowaua nimewapandisha ngazi zile
wakiwa na mabegi makubwa kuliko migongo yao.
Wendell, mwongozaji, wa duka la matairi, naye pia:
aliwahi kutapika kiti cha nne.

Mtoto wa miaka kama kumi anamvuta babake mkono:
"Mimi ndiyo maana nilimwogopa. Hana haraka.
Anajua barabara ni moja."
Ningekuwa na chokoleti ningempa.

Halafu Aune.
Mwanawe Kaisa anakufa dakika ya kumi na mbili,
ametoka nje kuvuta sigara.
Ukumbi mzima ulicheka, naye alicheka.
Sasa anafunga zipu ya koti, taratibu, bila kuitazama:
"Yule aliyepiga yowe si Kaisa."
Wanamwambia, Aune, tumemwona, ni yeye.
"Uso ni wake. Yowe si lake. Mimi nalijua lake."

Kweli. Kaisa alikuwa na mafua, sauti imekauka;
Wendell aliazima yowe la binamu yake, kwa simu, kutoka Duluth.
Dola elfu nne na mia mbili za pai za nyama
zilizouzwa ukumbi wa kanisa,
na kasoro moja tu ambayo sikuitegemea kusikika.

Kaisa anahamia Arizona mwezi wa sita.
Brody jeshini. Mapacha wa Maki popote penye kazi.
Mwisho wa filamu nabaki mimi,
naburuta koleo kupita basi tupu, viti vyote vyeupe kwa sakitu.
Picha hiyo haikupata maoni.
Watu walikuwa wanavaa makoti.

Nje theluji imeanguka mpaka magotini.
Gari la Darlene limekwama, tairi linalia.
Nafungua buti yangu, natoa koleo, lile lile,
ukingoni bado lina uwaridi kidogo.
Nachota, natupa, nachota.
Anashusha kioo inchi mbili:
"Asante, baba. Una mkono wa koleo wewe."